Kuhama ndege siku ile ile

Kazi yangu ya ukalimani hunipeleka Washington na kunirudisha Atlanta mara kwa mara, na kesi za mahakamani hazijali saa ya ndege yako. Unaambiwa kikao kitakwenda hadi jioni, halafu jaji anaahirisha kabla ya chakula cha mchana. Tiketi yako ni ya saa mbili usiku. Ukae uwanjani unywe kahawa za dola sita mpaka usiku? Mimi hapana. Nahamia ndege ya saa nane mchana.

Wengi wetu huku Marekani tunachanganya mambo mawili: kubadilisha tiketi na kuhama siku ile ile. Mwishoni mwa Agosti 2020, mashirika ya ndege ya United, kisha Delta na American, walifuta faini ya kubadilisha tiketi nyingi za safari za ndani ya Marekani. United walikuwa wakitoza dola 200. Watu walishangilia, lakini tofauti ya nauli ilibaki palepale: ukihamia ndege ya leo mchana unalipia bei ya leo mchana, na bei hiyo mara nyingi inatisha. Utaratibu wa siku ile ile ni mwingine. Unaweza kuomba kuanzia saa 24 kabla ya safari. Unahamia ndege nyingine ya shirika lile lile, kwa njia ile ile, na kwa kawaida hudaiwi tofauti ya nauli. Unalipa ada ndogo au hulipi kitu, kutegemea shirika na aina ya tiketi.

Mbona wanakubali? Kiti cha ndege ni kama samaki wa soko la Feri, mlango ukifungwa hakijapata mtu, kimeshaoza. Wewe ukikijaza cha mchana, cha usiku wanamuuzia mtu aliyekwama, tena kwa bei wanayotaka. Kwa hiyo usiende kaunta kwa sauti ya kuomba sadaka. Fungua programu ya shirika kwenye simu, tazama ramani ya viti vya ndege unayoitaka, ndipo uombe. Ramani haisemi ukweli wote, ila inakupa picha.

Kikiwepo kiti, wanakupa hapohapo. Kisipokuwepo, unaingia kwenye orodha ya stendibai, yaani ya wanaosubiri kiti kitakachobaki, na huku ndiko watu hukata tamaa mapema. Hivi karibuni, getini Washington, baba mmoja wa Goma aliniona na kitambaa changu cha kanga akanijia. "Mama, jina yangu iko wapi?" Nikamwonyesha skrini iliyo juu ya kaunta: herufi tatu za jina la ukoo, kisha herufi moja ya jina la kwanza. Alikuwa wa nne. "Baba, usiende kula," nikamwambia, "kaa hapa hapa." Majina huitwa dakika za mwisho kabisa, wale waliochelewa wanapohesabiwa hawapo. Aliitwa mlango ukiwa karibu kufungwa, akapewa kiti cha katikati, safu ya nyuma kabisa, jirani na choo. Begi lake alikuwa ameshalikabidhi asubuhi, na wakamwambia huenda likaja na ndege ya usiku. "Ikuje tu nyuma yangu," akasema, akaingia.

Mimi ndiyo maana nasafiri na begi la mkononi tu. Ukishakabidhi mzigo, kuhama kunakuwa kugumu, na mara nyingine haiwezekani kabisa.

Wakati wa kiangazi kuna sababu nyingine ya kuwahi. Radi za Atlanta hupenda alasiri, na ndege moja ikichelewa, zinazofuata zote zinachelewa. Shirika likitangaza lenyewe kwamba hali ya hewa ni mbaya, mara nyingi huruhusu kuhama bila ada, kwa hiyo soma ujumbe wao kabla hujalipa senti. Na wakikuchelewesha kwa muda wa saa 3 au zaidi kwa safari ya ndani, ukaamua kutosafiri, sheria iliyotoka 2024 inasema urudishiwe pesa zako. Usikubali kwa haraka vocha ya safari nyingine badala ya pesa.

Tiketi za daraja la bei ya chini kabisa ndizo zenye masharti makali. Nyingine haziruhusu kuhama hata kidogo, kwa hiyo soma kabla ya kununua. Na kama safari yako ina vipande viwili, yaani unabadilisha ndege njiani, usithubutu kuruka cha kwanza kimyakimya ukitegemea kudandia cha pili. Watafuta vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi.