Maharage ndiyo yaliyonifundisha moli

Nilirudi shuleni nikiwa na miaka 31. Masomo yalikuwa ya jioni, Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, na kutwa nzima nilikuwa nimeuza maharage na unga soko la Kenya, mtaa wa mji huuhuu. Hesabu haikunisumbua, maana mtu aliyekaa nyuma ya meka, kipimo chetu cha sokoni, miaka kumi hesabu anaijua. Kilichokuwa kimenishinda tangu usichana ni kemia. Enzi hizo tulikaririshwa elementi 20 za kwanza, kwa Kifaransa, mbele ya darasa, na anayesahau anabaki amesimama. Majina niliyashika yote. Nilichokuwa sijui ni kwamba kila jina ni la kitu.

Hata alama zenyewe zilinitesa. Kwa Kifaransa ile gesi inayojaa hewani tunaiita azoti, lakini alama yake ni N. Miaka mingi niliamini nilinakili vibaya ubaoni. Siku niliyoelewa kwamba alama nyingi zimetoka katika majina mengine ya zamani, ya Kilatini hasa, nilichukua karatasi ya mfuko wa unga nikaziandika upya: N ni nitrogenium, Na ni natrium, K ni kalium. Na Cu, shaba yetu, ni cuprum, jina lililotokana na Kipro, kisiwa kilekile walichopita Paulo na Barnaba, kwa sababu Warumi walipata shaba yao huko. Karatasi ile niliibandika ukutani juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na ndani ya wiki moja sikuihitaji tena.

Ukuta mkubwa ulikuwa moli, kipimo cha kemia cha kuhesabia chembe. Kitabu kilisema moli moja ina chembe 6.022 mara 10 kipeo cha 23, na mwalimu akaendelea na somo kama vile ametuambia bei ya chumvi. Nilirudi nyumbani nimeudhika kweli. Namba ya namna ile nani aliihesabu? Na mimi nitaitumia kwa nini?

Jibu lilikuwa kwenye meza yangu ya soko. Mteja akitaka maharage ya kupanda, hatuhesabu mbegu, tunapima. Basi usiku ule nilimwita mtoto wa dada yangu, tukahesabu maharage 100 na kuyaweka kwenye mizani ndogo ya jikoni: gramu 42. Tukahesabu punje 100 za mahindi: gramu 30. Nikamwambia, sasa nikikupa gramu 42 za maharage na gramu 30 za mahindi, idadi ni sawa, hata usipohesabu. Akaniangalia, akauliza, "Mama mudogo, na gramu 84 na 60?" Hapo niliinuka nikafungua daftari. Atomi ya shaba ina uzito wa 63.5 kwenye jedwali la elementi, ya oksijeni 16. Gramu 63.5 za shaba na gramu 16 za oksijeni zina idadi sawa ya atomi. Idadi hiyo ndiyo moli. Haikutungwa ili kututisha. Atomi ni ndogo mno, hakuna mkono wala jicho la kuzihesabu moja moja, kwa hiyo tunazihesabu kwa mizani kama tunavyofanya na maharage.

Hatukuishia hapo, na ninashukuru, maana sehemu iliyofuata ilinifaa zaidi kwenye mtihani. Kama maharage 100 ni gramu 42, gramu 200 zinatakiwa kuwa na maharage 476. Tulipima gramu 200. Mtoto akashtuka: "Yote ile tutahesabu?" Tulihesabu yote. Yalikuwa 481. Mwanzoni nilifikiri tumekosea, tukarudia, yakawa 481 tena. Kumbe mizani yangu inaonyesha gramu nzima tu. Ikisema 42, uzito wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 41.5 na 42.5. Nikipiga hesabu kwa pande zote mbili, jibu linaanguka kati ya 471 na 482. Maharage yetu 481 yalikuwa ndani. Tangu siku ile sikuandika tena jibu lenye tarakimu nane kwa sababu tu kikokotozi kimezionyesha. Mwalimu alikuwa akituondolea alama kwa kosa hilo na hakuna aliyekuwa anajua kwa nini. Naona ni jambo la kufundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya neno atomi.

Jedwali lenyewe nililianzia katikati, kwa jirani zetu. Watu wanaanza na hidrojeni. Mimi nilianza na 27, kobalti, na 29, shaba, kwa sababu malori yanayobeba madini hayo yananipita kila siku. Na papo hapo nikagonga kitu kisichonyooka. Kati yao yupo nikeli, namba 28. Uzito wa kobalti ni 58.93, wa nikeli ni 58.69. Kobalti ni nzito zaidi, mbona inatangulia? Nililibeba swali hilo siku tatu. Dmitri Mendeleev, mwanakemia Mrusi, alipotoa jedwali lake mwaka 1869 alifuata uzito, na penye mvutano alifuata tabia za elementi. Sababu ilijulikana mwaka 1913, Henry Moseley, Mwingereza, alipopima miali ya eksirei inayotoka kwenye metali na kuonyesha kwamba kinachopanga elementi ni chaji ya kiini cha atomi, ambayo leo tunajua ni idadi ya protoni zilizomo ndani yake. Kobalti ina 27, basi, hata ikiwa nzito vipi. Moseley aliuawa vitani mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Namba hiyo sitaisahau.

Kuna nyingine nilipenda kuliko zote. Mendeleev aliacha nafasi tupu katika jedwali, na mwaka 1871 akaeleza elementi ambayo ingekaa chini ya silikoni, uzito wake kama 72, ingawa hakuna aliyewahi kuiona. Mwaka 1886 Clemens Winkler, Mjerumani, akaipata: jerimaniamu, uzito 72.6. Na jerimaniamu hiyo imo kwenye kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuri, pembeni ya bomba refu la moshi ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua. Nimekiona tangu utoto nikidhani ni takataka tu.

Jaribio la mwisho nililifanya peke yangu, uani, upepo ukinipiga mgongoni. Nilikuwa na vipande vya malakiti vilivyovunjika, lile jiwe la kijani wanalochonga mikufu na visanduku. Nilivisaga nimefunga kitambaa puani, maana vumbi lake si la kuvuta, nikapima gramu 20 kwenye kifuniko cha kopo, nikaweka juu ya makaa ya moto. Kijani kikaanza kufifia pembeni, kikaingia katikati, mwishowe unga wote ukawa mweusi tititi. Ulipopoa nikapima: gramu 15. Gramu 5 zimekwenda wapi? Hapo ndipo nilipoketi na daftari. Malakiti ina atomi mbili za shaba, moja ya kaboni, tano za oksijeni na mbili za hidrojeni, jumla 221.1. Moto unatoa maji, 18, na kaboni dioksidi, 44, vinapanda hewani, inabaki oksidi ya shaba, nyeusi, 159.1. Kwa gramu 20, inabaki 14.4. Hakuna kilichopotea, ila kingine kimepanda na moshi.

Kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, maswali ya moli niliyafanya kwanza, kabla ya mengine, ili nisiyafikie nimechoka. Nilifaulu. Kemia haikuwa alama yangu ya juu, lakini hakuna swali la kupima nililoliruka.

Ile 15 bado iko kichwani. Mizani yangu isingeweza kunionyesha 14.4, na jiwe la kuokota huwa na uchafu wake usioungua. Nimeshaweka pesa ya mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na malakiti nimebakiza kipande kimoja.