Mzinga nyuma ya banda la kuni

Julai, wiki ya kwanza

Mzinga umefika jana jioni kwa tuktuk, umefungwa kamba ya katani, na fundi mwenyewe amekaa ubavuni akiushikilia usirushwe na mashimo ya barabara ya Ganda. Ni mzinga wa fito, ule uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970: sanduku refu lenye mbavu zilizolalia ndani, limefunikwa kwa fito zilizopangwa bega kwa bega, na juu ya fito kuna bati. Nyuki hujenga sega likining'inia kwenye kila ufito. Hakuna fremu, wala huhitaji mashine ya kukamulia. Nimeuchagua kwa sababu ya bei. Mengine niliyoyasema nyumbani kuutetea yalikuja baadaye.

Nilitaka kuuweka karibu na jikoni niwe nautazama nikinywa chai. Mama hakusema neno, alinitazama tu. Nyuki wetu si wale wa kwenye video, mtu anawashika kwa mikono mitupu akiwa na fulana. Hawa ukiwaudhi wanakufuata, na wakishaanza kufuata hawachagui aliyewaudhi. Basi mzinga umekwenda nyuma ya banda la kuni, mlango ukitazama vichaka, mbali na njia ya mbuzi. Ni mbali kadiri kiwanja kilivyoruhusu, na kiwanja chetu si kikubwa.

Unaning'inia kwa waya kati ya nguzo mbili za boriti, usawa wa kiuno. Waya nimezipaka grisi kuwazuia maji moto, wale sisimizi wakali, maana wamejaa kwenye minazi yote. Nilikuwa na nia ya kuwapulizia dawa, jirani yetu mgema akanikataza. "Ukiwaua hao, mwanangu, vidaka vyote vitaanguka." Kumbe maji moto ndio wanaowafukuza wadudu wanaonyonya nazi changa. Sasa nyuki na maji moto watakaa kiwanja kimoja, na mpaka wao ni grisi.

Julai, mwisho wa mwezi

Huku kwetu nyuki hanunuliwi, hutegwa. Nilikwenda Gede, kwenye mradi wa Kipepeo ambako watu wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza asali pia, nikanunua chupa moja nipate kuijua ladha ninayoitafuta. Nta nilipewa na mrina asali mmoja wa huku huku. Nimeiyeyusha, nikachora mstari mwembamba katikati ya kila ufito, upande wa chini, wajue pa kuanzia. Kuta za ndani nimezisugua kwa majani ya mchaichai.

Wiki tatu. Mpangaji ni mmoja, mjusi.

Agosti

Mkorosho umechanua, na miembe pia. Jumatatu niliona nyuki kama kumi wakiingia na kutoka, hawakubeba kitu, wanapita kutani wakikagua kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Jumatano walikuwa wengi zaidi. Alhamisi saa tano asubuhi, nikiwa naanika nguo, nikasikia mngurumo nikadhani ni bodaboda imesimama nje. Kumbe uko juu yangu. Wingu la kahawia linalozunguka lilifika juu ya banda la kuni, likashuka, likajimwaga mlangoni pa mzinga, na kwa muda wa kama dakika ishirini wote wakawa wameingia. Sikukimbia, ila si kwa ushujaa. Miguu ilikataa.

Mjusi sijui alitorokea wapi.

Septemba

Hapa nitaandika kwa urefu, kwa sababu kosa nilikuwa nalo tangu siku ile ya tuktuk.

Fito za nyuki wetu zinatakiwa ziwe na upana wa milimita 32. Hapo unatosha unene wa sega moja na njia ya nyuki kupita, ndiyo maana kila sega linabaki kwenye ufito wake. Nilimwambia fundi. Fundi akatumia mbao alizokuwa nazo, inchi moja na nusu, yaani milimita 38, akasema tofauti ni kidogo tu. Mzinga una sentimita 88 kwa ndani: zingeingia fito 27, nikaletewa 23. Nilizihesabu. Nikanyamaza.

Mwezi mmoja tangu wahamie, niliufungua kwa mara ya kwanza. Ilikuwa baada ya Magharibi, tochi nimeifunga nailoni nyekundu kwa kuwa nyuki hawaioni rangi hiyo. Bomba la moshi nililijaza makumbi makavu ya nazi, ambayo kwa kweli ndiyo kuni bora kwa kazi hii, moshi wake mweupe na hauzimiki ovyo. Nikaanza kubandua fito kutoka nyuma. Wa kwanza mtupu, wa pili mtupu, hivyo hivyo hadi wa kumi na moja. Wa kumi na mbili ukakataa. Nikapitisha kisu ubavuni, ukainuka pamoja na mwenziwe. Sega lilikuwa limeanza vizuri kwenye ufito mmoja, katikati likapinda, likavukia wa pili, na pale penye zile milimita sita za ziada walikuwa wamejenga kidaraja chembamba cha nta. Ukivuta huu unararua ule.

Ningefunika hapo. Sikufunika. Niliinua zote mbili, nikalilaza sega ubavu ili nilione vizuri. Sega jipya halina waya wala mti ndani, ni nta tupu, na siku ile ilikuwa na joto. Lilikatika taratibu, kama mkate wa kumimina ulioepuliwa kabla haujaiva, likaanguka ndani ya mzinga majana, watoto wa nyuki, yakiwa yamejikunja kwenye vyumba vyake, meupe kama punje za wali.

Kisha harufu ya ndizi mbivu. Nyuki wa kwanza akishachoma, mwiba wake hutoa harufu hiyo na wenzake huja kuchoma papo hapo. Niliumwa mara tisa kwenye kifundo cha mkono, kati ya glavu na ovaroli, mahali pasipozidi sarafu ya shilingi ishirini. Mbuzi mmoja aliumwa puani. Mama alifunga madirisha yote, tukalala kama tumo ndani ya tanuri, na hakuna aliyenisemesha mpaka chai ya asubuhi.

Fito 11 tupu za nyuma nimezitoa, mahali pake nimeweka 13 za kipimo chake. Zile zilizoshikana nimeziacha na wenyewe.

Oktoba

Mgema amekuja asubuhi na kibuyu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uwaone watoto wako."

Juu ya tembo, ile pombe ya mnazi, walielea nyuki. Nilihesabu hadi thelathini nikaacha. Karara la maua ya mnazi likishakatwa linadondosha utamu usiku na mchana, na mimi nimewapangisha maelfu ya nyuki hatua chache kutoka hapo. "Jana nimekunywa watatu," akasema. Hakucheka, nami sikujua kama ninaruhusiwa.

Kwanza nilitega karai la maji, nikaacha makumbi yaelee juu yake watue wasizame. Maji wanayanywa, lakini utamu wanaufuata kule kule. Ikabidi ninunue kitambaa cha chandarua, mkewe akashona kofia za kuvisha midomo ya vibuyu vyote 14. Bado wanapenya wawili watatu. Nimeahidi kwamba siku ya kurina, chupa ya kwanza ni yake.

Desemba

Kaskazi imeshika. Mchana nyuki wanajipanga mlangoni wakipepea mabawa kuingiza hewa ndani, nikaongeza makuti juu ya bati.

Jana usiku nimerina. Nimechukua masega matatu tu ya nyuma, yaliyofunikwa nta zaidi ya robo tatu, kwa kuwa asali isiyofunikwa bado ina maji na itachacha. Yote matatu yalikuwa kwenye fito mpya, yakatoka moja moja, yamenyooka, sikurarua kitu. Nilikata nikibakiza kama sentimita mbili za sega waendelee kujenga. Safari hii niliumwa mara moja, tena mlangoni pa nyumba nikiwa nimeshavua wavu wa uso. Asali ilichuja kwenye chachi usiku kucha: kilo tatu na kidogo, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nta nimeiyeyusha na kuihifadhi kwa mzinga wa pili, ambao fundi ameuanza wiki hii. Rula nimempelekea mwenyewe, milimita 32 nimezitia alama ya wino mwekundu.

Asubuhi nilimpelekea mgema chupa yake. Alichovya kidole, akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Hii ina mnazi wangu ndani," akasema, kisha akauliza zilipatikana chupa ngapi kwa jumla.