Kambi ya Miamba Joshua Tree: Maji, Nyufa na Nanga

Kutoka Los Angeles hadi Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, California, tulikokwenda kupanda miamba, ni kama kilomita 225. Unashika barabara kuu namba 10 kuelekea mashariki, kisha unakata kushoto kwenye namba 62, inayopanda hadi kwenye uwanda wa juu wa jangwa la Mojave. Tuliondoka Alhamisi alfajiri, na tunamshauri hivyo kila anayekwenda na kundi: anayetoka Ijumaa jioni hukaa kwenye foleni hadi usiku, halafu husimamisha hema gizani huku upepo ukimnyang'anya turubai. Mji mdogo wa Joshua Tree ndipo mahali pa mwisho pa kujaza mafuta na maji kabla ya lango la magharibi. Ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta, na kambi zilizo katikati ya miamba, yaani Hidden Valley, Ryan, Sheep Pass na Jumbo Rocks, hazina bomba hata moja.

Kwa hiyo maji hupangwa kabla ya kamba. Tulipiga hesabu ya lita 4 kwa kila mtu kwa siku kama kiwango cha chini kabisa, na lita 8 kwa anayepanda kutwa, pamoja na ya kupikia. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujalihisi, ndiyo maana watu huishiwa maji mwilini hata siku za baridi. Dalili ya kwanza huwa kichwa kuuma na hasira zisizo na sababu. Ukiona mwenzako anagombana na fundo, mpe maji yenye chumvi kidogo na sukari kabla hujampa ushauri. Gawa madumu kwenye magari yote. Gari moja likiharibika njiani likiwa na maji ya kundi zima, safari imekwisha.

Langoni tulilipa dola 30 kwa gari, na stakabadhi hutumika siku 7. Kilomita chache baada ya hapo mtandao wa simu hukatika. Ramani ziwe zimeshapakuliwa, na mahali pa kukutana pawe pameshakubaliwa. Iwekeni akilini na simu ya dharura iliyo karibu na mwamba wa Intersection Rock, kwenye maegesho ya Hidden Valley; kila mtu aione kwa macho yake siku ya kwanza, hata wanaosema wameshafika hapo zamani.

Nafasi moja ya kawaida ya kambi huruhusu watu 6, hema 3 na magari 2, kwa hiyo kundi kubwa linahitaji nafasi za makundi. Sisi tulikuwa Sheep Pass, mita kama 1,370 juu ya usawa wa bahari, kambi ya makundi inayopokea hema tu na ambayo lazima uiwekee nafasi mapema. Hidden Valley ndiyo kambi ambayo wapandaji wengi huitamani, ila ina nafasi 44 tu na hakuna kuweka nafasi: anayewahi ndiye anayepata, na wikendi za msimu Ijumaa mchana kwa kawaida imeshajaa. Msimu wenyewe ni Oktoba hadi Aprili. Kiangazi joto hupita nyuzi 38, na mwamba unaobaki juani huchoma viganja.

Ardhi ya kambi ni changarawe juu ya udongo mgumu, kwa hiyo vigingi vya hema havishiki vizuri. Ingiza mabegi mazito ndani kabla ya kusimamisha fito, kisha funga kamba za hema kwenye madumu yaliyojaa maji. Usizifunge kwenye mti wowote. Mti wa Joshua tree ni jamii ya yuka, mmea wa jangwani, na gome lake huchubuka upesi. Sheria ya hifadhi inakataza kutumia mmea wowote kama nanga, yaani mahali pa kushikizia kamba. Kuni za moto uje nazo, kwa sababu hata kijiti kikavu kilichoanguka hakiokotwi. Usiku wa majira ya baridi hushuka chini ya nyuzi 0, na hapo jiko la gesi ndilo hugoma kwanza. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, hivyo mtungi uliolala nje utatoa moto wa kinyonge asubuhi. Lala nao ndani ya begi la kulalia, ukiwa umefungwa vizuri na umetenganishwa na jiko.

Sasa mwamba. Ni jamii ya matale yenye punje kubwa, iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Ilipasuka kwa mistari iliyonyooka, maji ya ardhini yakapenya kwenye mipasuko na kulainisha pembe, kisha udongo wa juu ukasombwa. Ukijua hayo unaelewa upandaji wa pale. Nyufa ziko wima na zimenyooka, juu ya miamba kuna mviringo usio na ukingo, na punje hushika soli ya kiatu kama msasa. Zinashika hata ngozi, ndiyo maana tulifunga migongo ya viganja kwa plasta kila asubuhi.

Daraja za ugumu wa njia za kupandia huandikwa 5.6, 5.9 na kadhalika, namba kubwa ikiwa ngumu zaidi, na pale ni kali. Anayepanda 5.9 kwenye ukumbi wa ndani wenye vishikio vya plastiki aanze na 5.6 bila kuona haya. Njia ya Mike's Books, 5.6, kwenye Intersection Rock, hutosha kumwonyesha mtu anasimama wapi. Double Cross, 5.7+, kwenye mwamba wa Old Woman, ndiyo njia ambayo kila mgeni huitaka, na ndiyo imeumiza wengi, kwa sababu namba yake huonekana ndogo na hatua za mwanzo zina sehemu chache za kuweka kinga, yaani vyuma vinavyobanwa kwenye ufa ili kushika kamba mtu akianguka. Juu yake kuna ufa wa upana wa kiganja. Ingiza mkono kidole gumba kikitazama juu, kisha kilaze gumba kwenye kiganja hadi nyama ya chini ya gumba ivimbe na kubana pande zote mbili. Mguu nao: pindua nyayo itazame pembeni, goti likiwa nje, chomeka vidole, halafu rudisha goti wima juu ya ufa. Maumivu kidogo ndiyo dalili kwamba umeshika. Asiyejua kubana mkono atavuta kingo za ufa kwa vidole, mikono itavimba na kuishiwa nguvu katikati ya njia, na ataanguka pale ambapo kabari yake ya mwisho, yaani chuma cha kinga, iko mbali chini ya miguu.

Kwa njia hizi tulibeba seti moja ya kabari za chuma, kemu (vyuma vyenye springi vinavyojitanua ndani ya ufa) za kuanzia upana wa kidole hadi upana wa ngumi, na mbili mbili kwa ukubwa wa kiganja, tepe ndefu 10 (mikanda ya kuunganishia vyuma na kamba) na kamba ya mita 60. Kemu huwekwa ikiwa imebanwa zaidi ya nusu. Ikibanwa hadi mwisho haitoki tena. Ikiachwa wazi sana hutembea ndani ya ufa kamba inapotikisika, na unaikuta imelegea kabisa. Kabla ya kuiamini, gonga mwamba kwa kiganja. Ukitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, hilo ni bamba lililolegea, na kemu hulisukuma nje badala ya kulishika.

Jambo lililostahili muda wetu mwingi ni nanga. Njia nyingi za Joshua Tree hazina bolti za kudumu juu, na kilele cha mviringo humaanisha kwamba nyufa unazopata ziko mita kadhaa nyuma ya ukingo. Anayefunga nanga huko nyuma kisha akaacha kamba ya kupandia ipite juu ya tumbo la mwamba ameiweka kamba kwenye msumeno: kila anayepanda na kushushwa huisugua palepale. Tulitumia kamba isiyonyumbuka ya mita 20 kwa kila nanga. Kabari tatu, zikiwa katika nyufa tofauti na si tatu nyuma ya jiwe lilelile. Unaunganisha zote, unakusanya mikono ya kamba pamoja, unafunga fundo la nane, halafu unarefusha hadi karabina mbili za kufunga (pete za chuma zenye mdomo unaofunguka), midomo yake ikitazama pande tofauti, zining'inie chini kabisa ya ukingo. Anayefanya kazi hiyo awe amejifunga tangu hatua ya kwanza, kwa sababu ni pale anapochungulia kamba imefika wapi ndipo watu huteleza.

Angalia pembe pia. Mikono miwili ya nanga ikiachana kwa nyuzi 60, kila mmoja hubeba takriban asilimia 58 ya mzigo. Ikiachana kwa nyuzi 120, kila mmoja hubeba mzigo wote, na umefanya nanga ya mikono miwili iwe dhaifu bila kuongeza chochote. Dawa ni kurefusha mikono.

Kundi la kirafiki lina hatari yake: kila mtu humwamini mwenzake mno. Kwa hiyo nanga ilikaguliwa na mtu wa pili ambaye hakuifunga, na hakuna aliyeondoka chini kabla mshika kamba, yaani anayebaki chini akimshikia kamba, hajashika fundo lake kwa mkono. Mwisho wa kamba ulifungwa fundo kila mara. Kamba ya mita 60 hushusha mtu mita 30 tu, na asiyefunga fundo hujua njia ni ya mita 32 pale kamba inapomtoka mshikaji mkononi. Upepo ukivuma sauti hazifiki, na makundi ya jirani nayo yanapiga kelele zilezile, kwa hiyo tuliita kwa majina: si "salama!" tu, bali jina la mshikaji kwanza. Na tusisahau majirani. Kuacha kamba yako ikining'inia kutwa kwenye njia nzuri bila mtu wa kuipanda ni uchoyo.

Vifaa vya wengi vikichanganyika, jioni hugeuka ugomvi; tepu ya rangi kwenye kila karabina humaliza hilo. Karibu na kaktasi za cholla beba kitana na koleo. Kipande kikikunasa, usikivute kwa vidole, kipenyeze kitana chini yake ukirushe, kisha toa miiba iliyobaki kwa koleo.

Siku upepo ulipozidi Sheep Pass, tulihamia Indian Cove, kambi nyingine ya hifadhi. Iko mita kama 975 tu, miamba inaikinga, na huwa na joto zaidi. Hakuna barabara ya ndani inayounganisha sehemu hizo mbili. Lazima utoke hifadhini, urudi kwenye namba 62 na uelekee Twentynine Palms. Huko Indian Cove, mwamba wa Short Wall unafaa sana kwa wanaoanza: mwamba ni mfupi, njia zimepangana, na mtu anaweza kuzunguka hadi juu bila kupanda. Ila kamba ndefu za nanga zinahitajika hata huko, na wanaotembea juu huangusha kokoto, basi kofia ngumu zikae kichwani hata kwa wanaosubiri zamu. Ukipita kituo cha walinzi wa Indian Cove, jaza madumu: pale bomba lipo.