Ndimu ilivyoniharibia Kaisari

Hii ilikuwa 2013, niko London mwaka wa pili, napiga shifti za usiku kwenye ghala moja, sasa Jumamosi moja nimetoka kazini asubuhi usingizi hakuna nikajikuta nimeingia kwenye maonyesho ya sarafu hotelini pale Bloomsbury. Kusema ukweli niliingia kwa sababu nje mvua na ndani kuna kahawa. Meza kibao, wazee wamekaa nyuma ya trei, vioo vya kukuzia machoni kama mafundi saa.

Nikasimama kwa mzee mmoja, mikono mfukoni, maana nilivyolelewa dukani ukigusa umenunua. Akaniambia shika. Nikadhani ananitania. Akachukua kitu cha fedha, kidogo, kama kifungo cha koti, akakiweka kiganjani mwangu akasema huyo ni Hadrian, Kaisari wa Roma ya kale, na hiyo ni dinari.

Aisee. Dinari! Mimi dinari naijua ya kanisani, wale vibarua wa shamba la mizabibu waliopatana kutwa dinari moja halafu walioingia jioni nao wakalipwa sawasawa na wa asubuhi, tangu utotoni nikiisikia hiyo habari najiuliza hiyo dinari yenyewe ikoje, kumbe ndo hii, gramu 3 hivi, na mwenye mali anapiga stori na jirani yake hata hanitolei macho. Mwanzo ilikuwa ya baridi, baadaye ikashika joto la mkono wangu. Ndevu za Hadrian unaziona kabisa zilivyojikunja, ila pua imelika. Na haijaliwa na udongo, imeliwa na vidole, watu wamenunua mkate na divai nayo wee mpaka pua ikaisha, hapo ndo nikaisha na mimi. Mzee akanionyesha kushika kwenye ukingo, tena juu ya kitambaa, ikiponyoka isiumie.

Bei yake sikuiweza. Pembeni lakini kulikuwa na bakuli la sarafu za shaba ambazo hazijasafishwa, zimegandiana na udongo, pauni moja moja, nikabeba kumi. Kufika nyumbani jamaa niliyekuwa napanga naye, mtu wa Mombasa, akazitazama, akanitazama, "Ndugu yangu, umenunua kokoto?"

Sasa mimi mtoto wa Tanga, nimekua nasugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu kila sikukuu ikikaribia. Nikampigia mama kabisa. Akasema ndimu mwanangu, ndimu haijawahi kushindwa. Nikaloweka moja usiku kucha. Asubuhi naitoa, nyekundu, inang'aa kama waya wa umeme uliochunwa, safiii, na haina kitu. Uso hakuna, herufi hakuna. Kumbe lile ganda la kijani na kahawia nililodhani uchafu ndo lilikuwa limebeba sura, shaba ikishakaa ardhini miaka 1,700 juu kote inageuka, ukilichuna ganda umemchuna na Kaisari mwenyewe.

Zilizobaki nikaziweka kwenye maji yale ya kuongezea betri ya gari, yasiyo na chumvi wala nini (ya betri ndiyo, asidi hapana, msije mkanilaumu), nabadilisha kila baada ya siku mbili tatu, wiki tatu hivyo. Halafu nikitoka kazini nakaa dirishani na kijiti cha meno. Huchimbi, unakwangua kidogo tu, unapuliza, unageuza kwenye mwanga. Mikono inanuka shaba mpaka unakula nayo.

Kulikuwa na moja ndogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Upande mmoja kikatoka kichwa kimejifunika kama mama anayekwenda msibani na kanga yake. Nikajua malkia huyo. Upande wa pili siku ya kwanza nikapata vistari vimejipanga kama meno ya kitana, siku ya pili vikawa miguu ya farasi, wanne, wanakimbia, nyuma yao mtu kasimama kwenye gari kanyoosha mkono. Siku ya tatu nakwangua pale juu karibu na ukingo, nikijua hakuna kitu, ukatokea mkono mwingine. Mkono tu, bila mtu, unashuka kutoka juu kumpokea. Nilimwamsha jamaa wa Mombasa. Alitukana.

Kumbe huyo aliyejifunika si malkia, ni Constantine, naye Kaisari wa Roma, amekufa 337, na wanae wakamtolea sarafu hii baba yao akichukuliwa mbinguni. Chini ya farasi kuna herufi SMAL na nyingine moja imekatika, hizo AL ni Alexandria, Misri ile. Yaani nimekuja mpaka London kununua chenji iliyogongwa Afrika.

Nikamtumia mama picha. Akajibu, "Marehemu nani huyo?" halafu meseji ya pili, "na ile ya ndimu imetakata?"

Imetakata mama. Ile ya farasi iko kwenye boksi, hii ya ndimu haina cha kuharibika tena kwa hiyo inakaa mfukoni, naichezea kwenye basi, imeshaanza kurudia ukahawia. Siku moja nilimwaga chenji kaunta nikanunue maziwa, binti akahesabu, akaitenga kwa kidole, akanisukumia, "Hii sio yetu."