Nyanya alivyokubali kupasuliwa jicho

Nyanya yangu alikataa kupasuliwa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya ndani ya jicho iliyochafuka, kwa sababu moja: aliamini kwamba madaktari hulitoa jicho zima, wakaliweka kwenye bakuli, wakalisafisha, kisha wakalirudisha. Hapa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, maneno hayo hayakosi barazani, na wanaoyasema hawafanyi mzaha. Yuko anayedai kumfahamu jirani wa shangazi yake ambaye jicho lake lilirudishwa likaangalia ndani. Nilimweleza kwa mdomo hadi koo likanikauka. Daktari naye alimweleza, ila kwa haraka ya kliniki yenye foleni mpaka mlangoni, na nyanya alitoka pale ameshika neno moja, "kutoa". Daktari alisema lenzi. Yeye akasikia jicho.

Wakati huo jicho la kushoto lilikuwa halioni tena isipokuwa mwanga, mboni imekuwa nyeupe pe. La kulia lilikuwa bado linamsaidia akiisogelea runinga. Nikaona heri aitazame kazi yenyewe kwa jicho hilo lililobaki.

Kabla ya kutafuta chochote, nilirudi kliniki nikamwomba daktari aniandikie jina la upasuaji aliokusudia kuufanya. Hili ndilo lililoniokolea muda kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto wa jicho hauondolewi kwa njia moja. Ipo njia ya mashine, iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kelman mwaka 1967: tundu la milimita mbili na ushei, kisha ncha inayotetemeka kwa kasi ya ajabu inaivunjavunja lenzi iliyochafuka na kuifyonza. Na ipo njia ya mkono, ambayo kwenye karatasi yangu iliandikwa kwa herufi nne, SICS, kifupi cha Kiingereza small incision cataract surgery. Hapo tundu ni kubwa kuliko la mashine, milimita sita au saba, limechongwa kimshazari kwenye sehemu nyeupe ya jicho ili lijifunge lenyewe bila kushonwa, na lenzi hutoka nzima. Njia hii ni ya bei nafuu, na inafaa sana mtoto wa jicho akiwa amekomaa na kuwa mgumu, kama wa nyanya. Ukiingia YouTube bila jina, video nyingi zitakazokuja mbele ni za mashine. Mzee atazoea kitu kimoja, aende akutane na kingine.

Kwa zile herufi nne nilipata video nyingi kutoka India na Nepal, nchi ambazo njia hii imeshika mizizi. Hospitali ya Aravind ya kule Madurai, kwa mfano, huweka video za kufundishia madaktari wachanga. Nilizitazama peke yangu kwanza, usiku, waifai ya plotini ikiwa haijaelemewa. Nilizipita zote zilizopachikwa muziki wa huzuni, na zilizokatwakatwa ili kuonyesha damu tu. Nilizozitaka ni zile ambazo daktari anasema anachofanya, tangu kope zinapofunguliwa hadi jicho linapofunikwa. Kasi niliipunguza hadi nusu, na kila hatua nikaiandika kwa Kiswahili kwenye daftari, maana maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza chenye lafudhi ya kwao. Nikazipakua mbili, nikazima sauti, nikaunganisha simu na runinga. Sauti ingekuwa yangu.

Lakini jicho likijaa runinga ya inchi 32 linatisha. Tone la damu linaonekana dimbwi, kisu kinaonekana panga. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza nilichukua rula ya shule ya binti yangu. Nikamwonyesha nyanya: jicho zima, kutoka mbele hadi nyuma, ni kama milimita 24. Kioo cha mbele kinachofunika mboni, 12 hivi. Lenzi itakayotolewa haifiki sentimita moja kwa upana. Tundu, hili hapa, milimita saba. Akaishika rula, akaisogeza puani, akasema, "Mume wangu, huu si mchubuko tu?" (Mimi ni mumewe tangu nilipozaliwa, wenye nyanya wa mjini wanaelewa.)

Jambo jingine ambalo lingemchanganya ni kwamba picha imepinduka. Daktari huketi kichwani kwa mgonjwa na kamera inatazama anakotazama yeye, kwa hiyo kope ya juu iko chini ya skrini. Nilimlaza nyanya kwenye kochi, nikasimama nyuma ya kichwa chake, nikamwambia mimi ndimi daktari. Akacheka, akaelewa.

Tukaanza. Nilisimamisha kila baada ya muda mfupi, na hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa. Alipoona kile kifaa cha waya kinachozuia kope zisifumbe, aliuliza kama kinauma. Nikamwambia sindano ya ganzi itakuwa imeshapigwa kando ya jicho, na hiyo ndiyo atakayoisikia, si zaidi. Alipoona jicho likitiwa rangi ya buluu alishtuka. "Wino wa nini?" Ile rangi hutumika mtoto wa jicho akiwa mweupe: lenzi imo ndani ya kifuko chembamba mno, na daktari anapaswa kukichana kwa mbele, duara safi, wakati nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Rangi ikipita, kifuko kinaonekana. Sehemu hiyo tuliirudia mpaka akawa ananieleza yeye.

Kisha lenzi ikateleza ikatoka, ya kahawia, nene. Nikasimamisha picha hapo hapo. "Nyanya, jicho liko wapi?" Akanyamaza kidogo, akanyoosha kidole. "Si hilo, halijatoka mahali pake." Hapo nikajua kazi yangu imekwisha, ingawa maswali ndiyo kwanza yalianza kunoga.

La kwanza lilikuwa la ile lenzi mpya ya plastiki inayowekwa mahali pa iliyotolewa. Plastiki ikae ndani ya jicho maisha yake yote, isioze? Nilimpa kisa cha Harold Ridley, daktari wa London. Wakati wa vita vya pili vya dunia marubani wa Kiingereza waliumizwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao, vikawaingia machoni, na Ridley akagundua kwamba jicho halikuvikataa vipande hivyo. Mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Nyanya akasema Waingereza nao, hata ajali wanaifanyia biashara. Sikubishana naye.

Vipimo vya kabla ya upasuaji vilihitaji video fupi tu. Ya kupima urefu wa jicho ndiyo iliyokuwa muhimu, kwa sababu kuna kifaa kama kalamu kinachogusa jicho lenyewe baada ya tone la ganzi, na asiyejua huruka. Kipimo hicho, pamoja na cha mkunjo wa kioo cha mbele, ndicho kinachoamua nguvu ya lenzi atakayowekewa. Presha na sukari alivizoea.

Swali lililonishinda lilikuwa la ibada. Baada ya upasuaji mgonjwa hukatazwa kuinama, kubeba vizito na kuingiza maji jichoni. Sasa sijida je? Na udhu? Hakuna video hata moja niliyoiona iliyogusa hilo. Tuliandika maswali hayo juu kabisa ya karatasi ya kupeleka kliniki. Sista aliyetupokea, naye Mwislamu, akayajibu bila kusita: aswali ameketi kitini, rukuu na sijida kwa ishara ya kichwa tu, na uso asiumwagie maji. Namna ya udhu akamwachia ustadhi wetu, ambaye alimfafanulia ruhusa aliyonayo mgonjwa. Kusema kweli, jibu hilo lilimtuliza kuliko video zote.

Katikati ya hayo binamu yangu alituma WhatsApp video ya bwana mmoja anayedondosha asali na maji ya kitunguu jichoni, eti mtoto wa jicho huyeyuka. Nikaitumia hiyo nayo. Nikamuuliza nyanya: lenzi ile ngumu uliyoiona ikitoka, asali itaifikiaje pale ndani, nyuma ya kioo na nyuma ya mboni? Akamwita binamu kwa simu akamsomea somo ambalo mimi nisingethubutu. Dawa ya matone inayoyeyusha mtoto wa jicho haipo. Anayeitia asali jichoni anakaribisha vidudu.

Siku yenyewe haikuwa na mengi. Aliingia thieta kabla ya adhuhuri, akatoka na jicho limefunikwa, akilalamikia njaa. Aliniambia aliona mwanga na vivuli vikipita, na kwamba alikuwa akihesabu hatua: sasa rangi, sasa kifuko, sasa ndiyo inatoka. Asubuhi yake walipofungua akausoma ubao wa herufi hadi mstari wa nne, kisha akaniambia nimezeeka. Matone tuliyafuata kwa saa kama tulivyoandikiwa, na jicho la kulia limeshapangiwa tarehe.

Habari ikaenea plotini. Jirani yetu, mzee wa makamo, akaja kuniomba nimwekee "ile video ya nyanya" kwa kuwa naye macho yanampotea. Nikamuuliza yanampoteaje. Akasema katikati anaona vizuri, pembeni ndiko giza, hata bodaboda humshtukia. Sikumwekea. Maelezo yale yalinifanya nihofie presha ya macho (glakoma), si mtoto wa jicho, na huko kilichopotea hakirudi kwa upasuaji wowote. Kinachowezekana ni kuzuia kilichobaki kisipotee. Kesho yake nilimpakia matatu hadi kliniki ile ile, na kwenye karatasi yake tukaandika swali moja tu juu: ugonjwa huu unaitwaje.