Mkate Kwanza, Kisha Safari: Tafakari kwa Watahiniwa wa Kidato cha Nne na Wazazi Wao

Somo: 1 Wafalme 19:1–18

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Zimebaki siku takribani arobaini kabla watoto wetu wa kidato cha nne hawajaingia katika vyumba vya mtihani mwezi Novemba, na hesabu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye habari za nabii Eliya, ambaye naye alitembea siku arobaini mchana na usiku mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Kabla ya safari hiyo alikuwa ameketi chini ya mretemu jangwani, akiomba afe. Huyu ndiye yuleyule ambaye sura moja tu nyuma alisimama juu ya Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali bila kuyumba, na sasa ujumbe mmoja wa Malkia Yezebeli, aliyeapa kumwua, ulitosha kumkimbiza. Tuna mazoea ya kudhani kwamba hofu ya mtihani ni ya wanafunzi dhaifu, lakini katika miaka niliyofundisha, baadhi ya wale waliotetemeka zaidi mbele ya karatasi walikuwa haohao waliokuwa wakiongoza darasa.

Sababu aliyoitoa Eliya inagusa moyo: alisema yeye si mwema kuliko baba zake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari za baba zake. Kijana wetu naye hujipima kwa kaka yake aliyepata daraja la kwanza, au kwa binti wa jirani aliyechaguliwa shule nzuri ya kidato cha tano, na mara nyingi sisi wazazi ndio tuliomkabidhi mizani hiyo. Na ikiwa mtoto atafika mahali pa kusema kwamba ni heri afe, tusimwambie kwamba ana imani haba. Tukae naye, tusimwache peke yake, na tumpeleke kwa mshauri au hospitalini bila kuona aibu.

Tazameni jinsi Mungu alivyomjibu mtumishi wake. Hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa, akamwambia, “Inuka, ule,” na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, naye malaika akarudi mara ya pili akamlisha, akimwambia kwamba safari ile ni kubwa mno kwake. Alilala mara mbili, akala mara mbili, ndipo akaondoka. Ubongo huyaimarisha wakati wa usingizi yale tuliyojifunza mchana, kwa hiyo kijana anayekesha mpaka saa tisa usiku, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili asisinzie, anajinyang'anya kilekile alichokuwa akikitafuta. Ninawasihi tuache kumsifu mtoto kwa sababu ya kukesha. Vilevile, binti anayerudi kutoka shuleni akachota maji, akapika, akaosha vyombo na kuwaogesha wadogo zake kabla hajafungua daftari, amekwisha kutumia nguvu zake zote. Katika siku hizi arobaini, kazi ya malaika imewekwa mikononi mwa baba, mama, shangazi na kaka wa nyumba hiyo.

Alipofika Horebu, Bwana alimwuliza, “Unafanya nini hapa, Eliya?” Aliulizwa mara mbili, kabla na baada ya ile sauti ndogo ya utulivu iliyofuata upepo, tetemeko na moto, naye mara zote mbili alitoa lalamiko lilelile, neno kwa neno. Mungu hakumkatiza. Nimelitafakari sana jambo hili, kwa sababu mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu kubwa, wakipewa kama dakika kumi kabla ya mtihani waandike waziwazi yanayowasumbua, walifanya vizuri zaidi kuliko wenye hofu kama yao ambao hawakuandika hivyo. Wasiwasi usiotajwa hukaa akilini na kuchukua nafasi ya kufikiri. Sisi tunaoamini tuna mahali pa kuupeleka, maana Wafilipi 4:6 inatuagiza kwamba haja zetu zijulishwe Mungu, na haja haijulishwi kwa kuzungukazunguka. Mwanangu, andika katika karatasi, “Bwana, naogopa hisabati, naogopa uso wa baba matokeo yakitoka,” kisha umwombe Mungu kwa hayo hayo.

Swali hilohilo linafaa pia kuulizwa juu ya namna ya kusoma: unafanya nini hapa? Wengi wakijibu kwa uaminifu watasema kwamba wanarudia kusoma daftari, mara ya tatu au ya nne, huku wakipigia mstari kila sentensi. Njia hiyo inadanganya. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2006, wanafunzi waliorudia kusoma maelezo walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya juma moja waliokumbuka zaidi walikuwa wale waliofunga maelezo na kujaribu kuyaandika kwa kichwa. Basi soma mada moja ya biolojia, tuseme mzunguko wa damu, kisha funga daftari, chukua karatasi tupu na uandike yote unayoyakumbuka pamoja na mchoro wa moyo, halafu fungua na urekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Inaumiza, kwa sababu karatasi inakuonyesha usichokijua, lakini ni heri ikuonyeshe Oktoba. Mada hiyo uirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu au nne, kisha baada ya juma, kila mara ukianza na karatasi tupu.

Eliya alikuwa na kosa jingine, nalo ni la hesabu. Alisema amesalia peke yake, na Mungu akamjulisha kwamba wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Hofu haijui kuhesabu. Mwanafunzi aliyefanya vibaya katika mtihani wa majaribio wa mkoa, ule tunaouita moko, husema, “Sijui chochote,” na maneno hayo si kweli. Achukue muhtasari wa kila somo, aorodheshe mada zote, aweke alama kwenye zile anazoweza kuzieleza bila daftari, na ataona ni zipi hasa zimebaki. Akumbuke pia kwamba daraja hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na kwamba alama ya C huanzia 45, kwa hiyo swali moja gumu, hata somo moja gumu, halijamwangusha. Baraza la Mitihani la Tanzania limeweka katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa miaka iliyopita, zinazoeleza swali kwa swali mahali walipoteleza, na ni vitabu ambavyo wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuviona. Mwenye simu yenye intaneti awasaidie kuzipakua.

Baada ya hesabu hiyo Eliya hakubaki pangoni. Alikwisha kupewa kazi tatu, zenye majina ya watu wa kutiwa mafuta: Hazaeli, Yehu na Elisha. Asubuhi ya mtahiniwa nayo iwe na kazi tatu zinazotajika, kama maswali matano ya aljebra, insha moja ya historia na mada moja ya kemia, wala isiwe “kusoma” tu. Na wa mwisho kati ya wale watatu akawa mwenzake wa njia. Eliya alikuwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba akaingia jangwani peke yake, naye Mungu hakumrudisha kazini akiwa peke yake.

Kwa sababu hiyo wazee wa usharika wamekubali kwamba kuanzia Jumatatu ijayo ukumbi wa kanisa ubaki wazi kila jioni ya siku za juma, taa zikiwaka, kwa watahiniwa wote wa mtaa huu, wawe wa kanisa letu au wasiwe. Watasoma wawili wawili, wakiulizana maswali, na saa tatu watarudi nyumbani ili saa nne wawe wamelala. Walimu waliostaafu walio kati yetu, tunawaomba mpokezane zamu. Na anayeweza kuleta chai na maandazi, au viazi vya kuchemsha, alete.