Mkalimani asiwe mume wala mtoto

Mama wa Sylhet, eneo la Bangladesh, anayeishi England akipelekewa barua ya Kibengali kuhusu kipimo cha mlango wa kizazi, huenda asiisome kabisa: nyumbani anazungumza Kisylheti, lugha ambayo wengi hawaiandiki. Barua inaishia mikononi mwa mwanawe, naye anaona haya kumtafsiria mama yake mambo ya ukeni. Hapo ndipo kipimo kinapopotea.

Dawa yake ni kupiga simu kliniki mapema, kutaja lugha yenyewe (Kisylheti, si Kibengali tu) na kuomba mkalimani mwanamke pamoja na nesi mwanamke. Mgonjwa halipii mkalimani wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huko. Mume asikae kwenye kiti cha mkalimani, hata awe mpole vipi; mbele yake mke hatataja maumivu ya tendo la ndoa wala vidonge anavyomeza kwa siri.

Kipimo huchukua dakika chache. Spekulamu, kifaa cha kupanua uke, huingizwa ukeni, brashi laini huzungushwa kwenye mlango wa kizazi, kisha sampuli hupimwa virusi vya HPV, vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Anayeogopa maumivu aombe spekulamu ndogo. Akisema "basi", nesi anaacha. Wanaoalikwa ni wa miaka 25 hadi 64.

Na hili lisemwe wazi, maana hofu ya viza inawazuia wengi: huko England uzazi wa mpango na matibabu ya magonjwa ya zinaa ni bure hata kwa asiye na kibali. Kutoa mimba ndiko kunakoweza kutozwa. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kile cha levonorgestreli, kimezwe ndani ya saa 72 baada ya tendo la ndoa. Cha ulipristali, saa 120.